Sauti ya Epifania Kwenye Redio ya Canter

Kila asubuhi, kabla hajawasha injini, Anania Nduwayezu hutoa flashi kwenye mfuko wa shati, huipuliza vumbi, huifuta kwa upindo wa shati hilohilo, kisha huichomeka kwenye redio ya Canter. Hubonyeza kitufe cha kuruka nyimbo, kwaya hii, kwaya ile, wimbo wa harusi, mpaka kioo kidogo cha redio kionyeshe faili lisilo na jina, lenye tarakimu tupu. Hapo huacha kubonyeza. Huweka vidole kwenye kitufe cha sauti na kusubiri.

Mwanamke anaongea. Sauti yake imekuwa nyembamba, kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya debe. Anasalimia, anakohoa, anaeleza simu ameazima kwa nani. Akiwa katikati ya maneno, vidole vya Anania vinazungusha kitufe mpaka sauti inazimika kabisa. Gari linakuwa kimya. Midomo yake inachezacheza kama ya mtu anayesali kanisani wakati wengine wanaimba. Kisha anarudisha sauti, na yule mwanamke anamalizia na kuaga. Baada ya hapo ndipo ufunguo unazungushwa na Canter inaanza kutetemeka.

Hakosei. Anajua pa kuzima na pa kuwasha kama anavyojua mashimo ya barabara ya vumbi ya Nyakitonto. Mtu asiyemfahamu akiwa amekaa pembeni yake angedhani redio ni mbovu.

Anania ni mdogo wake baba yangu, kwa hiyo mimi humwita baba mdogo. Mwanamke wa kwenye redio ni Epifania, mke wake, ambaye tulimzika mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza.

Babu yetu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana na kupewa shamba Nyakitonto. Watoto wake wote walizaliwa huku, na siku hizi sote tuna uraia. Baba yangu, Fidele, alibaki na jembe. Baba mdogo hakulipenda jembe. Aliacha shule mapema akaenda Kasulu mjini kuosha magari, na madereva waliokuwa wavivu wa kurudi kinyumenyume walimwachia usukani awageuzie magari yao. Ndivyo alivyojifunza. Sasa anaendesha Canter ya Mama Mwanaheri, mfanyabiashara wa maharage mjini Kasulu. Huenda Kibondo na chumvi na saruji, hurudi na magunia.

Epifania, baba mdogo alimpata hukohuko Kibondo, juu ya magunia. Alikuwa amekaa juu ya maharage ya mama yake, amekunja mikono, amekataa kushuka mpaka mzigo upimwe upya kwa sababu hakuiamini mizani ya dalali.

Baba mdogo akamwambia, "Dada, shuka, au nitakupakia na wewe pamoja na magunia."

"Pakia," Epifania akamjibu. "Lakini mimi sishushwi sokoni. Mimi nashushwa kwa mchungaji."

Wapakiaji walicheka mpaka gunia likawaponyoka. Mzigo ukapimwa upya. Baada ya mavuno yaliyofuata alishushwa kwa mchungaji kweli.

Walipanga nyumba ndogo Kasulu, wakazaa Nadine. Kwa kuwa baba mdogo alikuwa njiani siku nyingi kuliko nyumbani, ndoa yao kubwa ilikuwa ndani ya simu. Epifania hakupenda kuandika. Alisema herufi za simu ni ndogo kama mayai ya chawa. Yeye alituma sauti. Alibonyeza, akaongea akipika, akiosha vyombo, akimkaripia mtoto, na yote hayo yalimfikia mume wake Kibondo au Buhigwe. Mvua imenyesha huku, huko je? Kuku mweusi ametotoa. Nadine kang'oka jino na amelirusha juu ya bati. Baba mdogo alipoegesha gari kula, aliweka simu sikioni kama mtu anayesikiliza mpira, akawa anatabasamu na ugali wake.

Tumbo lilipoanza kumsumbua Epifania, wote tulidhani ni vidonda. Alilazwa hospitali ya Kabanga. Siku hali ilipobadilika baba mdogo alikuwa Kibondo na mzigo, barabara ya kwenda kwenye ghala imegeuka tope na magari yamepangana. Simu ya Epifania ilikuwa imezima. Akaazima ya mama wa kitanda cha jirani, akabonyeza, akaongea. Ile ndiyo sauti ya mwisho. Baba mdogo alipofika hospitali, mke wake alikuwa hai bado lakini hakuweza tena kuongea, na yule mama wa kitanda cha jirani alikuwa amesharuhusiwa na kwenda kwao, wala hakuna aliyejua kwao ni wapi, na namba yake haikupatikana tena.

Msibani alituambia tu kwamba Epifania ameacha maneno kwenye simu, na kwamba maneno hayo yanamhusu Nadine. Hakutusikilizisha. Alisema atayasema siku ya kuganduka.

Kuganduka ni siku ya kuondoa msiba. Watu wa asili yetu bado tunaifanya, hata walokole, ila wao hunywa soda. Familia mbili hukutana, hula, hunywa, na baada ya hapo mjane au mgane huruhusiwa kurudi katika maisha ya watu. Katika ukoo wa Epifania kuna desturi ya ziada. Mgane husimama mbele ya wakwe na kusema neno la mwisho la marehemu, na neno likishasemwa pale, limesemwa. Hakuna wa kulipinga baadaye, hakuna wa kulibadilisha.

Na neno walilolisubiri lilikuwa moja tu: Nadine anakaa wapi. Anabaki Kasulu na baba yake, au anakwenda Kibondo kwa Esteri, dada yake Epifania, ambaye ameolewa muda mrefu na hajajaliwa mtoto.

Katika miezi ile ya kungoja, baba mdogo alimlea mwenyewe. Alijifunza kuchana nywele za mtoto kwa chanuo la mbao, akimshika kichwa kwa uangalifu kama anayepima mafuta ya injini. Alipika uji kabla ya alfajiri na kuufunika. Jumamosi alimpandisha kwenye Canter, akamkunjia gunia tupu akalie ili aone mbele. Lakini siku nyingine gari lilikwama, na mtoto akabaki kwa majirani. Kuna jioni moja nilipita kwao nikamkuta Nadine amekaa kwenye kizingiti, begi la shule mgongoni, mlango umefungwa kwa kufuli.

"Unamngoja nani?" nikamuuliza.

"Simngoji mtu," akasema. "Nimekaa tu."

Simu ya baba mdogo wakati huo ilikuwa inakaribia kufa. Gunia lilikuwa limeiangukia, kioo kimepasuka, na mara nyingine iligoma kabisa kuwaka. Aliogopa. Akaenda kwa Khatibu.

Khatibu ana kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi, jirani na soko la Kasulu. Ni mtu wa Pwani kwa babu zake, mcheshi, mkarimu wa kupitiliza, na madereva wote ni wateja wake. Yaliyotokea pale amenisimulia yeye mwenyewe, na kila anaposimulia hushika kichwa.

"Kaka Anania! Nikuwekee nini leo? Kwaya mpya zimeingia. Za Kigoma zipo, za Kongo zipo, za kulia zipo, za kuchezesha mabega zipo."

"Kuna sauti humu kwenye simu. Naitaka iwe kwenye redio ya gari."

"Sauti ngapi?"

"Moja."

"Flashi nzima sauti moja! Utasinzia, kaka, utatumbukia Malagarasi na maharage ya watu."

"Moja tu, Khatibu. Ni ya marehemu."

Khatibu akaacha kucheka. Akaichukua ile simu kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba sauti za WhatsApp redio ya Canter haizisomi, kwa hiyo lazima aigeuze iwe MP3, na kwamba ataibana kidogo iwe nyepesi, ili nafasi inayobaki amjazie kwaya kama zawadi, kwa ajili ya msiba. Akaifanya kazi ile kwa heshima zote. Akamkabidhi flashi, akamkabidhi simu, akakataa kulipwa.

Baba mdogo alikwenda kukaa ndani ya Canter, akafunga vioo, akachomeka. Epifania akasalimia. Akakohoa. Akasema ameazima simu ya mama wa kitanda cha jirani. Akasema, "Na kuhusu Nadine..." Hapo hapo ngoma zikalia, na sauti nzito ya mwanamume, yenye mwangwi kama ya ukumbini, ikapaza:

"Khatibu Sauti Safi! Kasulu mjini, jirani na soko! Ukikosa hapa, umekosa kote!"

Ngoma zilipotulia, Epifania alikuwa ameshamaliza habari ya Nadine. Alikuwa anamwambia mume wake asile vyakula vya barabarani vilivyolala.

Kila anayeweka nyimbo mjini hapa hufanya hivyo. Hubandika jina lake juu ya kila wimbo unaotoka kwenye kompyuta yake, ili mwenye kibanda cha pili asiuchukue na kuuza kama wake. Tumezoea. Wimbo wa mapenzi unakatizwa, wimbo wa mazishi unakatizwa, na mtu anaendelea kuimba. Khatibu alikuwa ameshaitega mashine yake ibandike yenyewe, mwanzoni au katikati, na siku ile hata hakukumbuka.

Baba mdogo akarudi kibandani.

"Khatibu."

"Naam, kaka."

"Kuna mtu anaongea juu ya mke wangu."

Khatibu anasema hakuelewa mpaka alipochomeka ile flashi na kujisikia mwenyewe. Akasema, haraka, hilo si tatizo, nipe simu niitoe upya. Kisha akakumbuka jambo la pili.

"Kaka, simu yako ilikuwa imejaa. Ilikuwa inakwama. Nilikuonea huruma, nikakusafishia."

"Umefuta?"

"Nilijua uliyoitaka imeshaingia kwenye flashi."

"Umefuta ile, au zote?"

"Zile sauti zote, kaka. Zilikuwa nyingi mno."

Baba mdogo akakaa kwenye benchi la wateja. Kuku mweusi, jino juu ya bati, mvua zote zile. Hakugomba. Khatibu anasema angegomba ingekuwa nafuu. Alifunga kibanda siku hiyo akajaribu kila alichokijua, akaipeleka na kwa fundi mwingine, lakini sauti mbili zilikuwa zimeshakuwa faili moja. "Ni kama nimemimina maziwa kwenye chai," aliniambia, "halafu naambiwa niyatoe maziwa." Nakala iliyokuwa kwenye kompyuta nayo ilikuwa na ngoma zilezile.

Na Khatibu, pamoja na hayo yote, aliisikia sauti nzima wakati wa kuigeuza. Lakini Epifania alikuwa akisema Kirundi cha nyumbani, kile kilichochanganyika na Kiha, na Khatibu hakijui. "Wallahi, nilisikia jina la Nadine tu. Mengine yalipita kama maji."

Kwa hiyo duniani alibaki mtu mmoja anayejua Epifania alisema nini.

Siku chache kabla ya kuganduka baba mdogo alikuja kwetu Nyakitonto. Tulikuwa uani tunachambua maharage, mama na mimi, na baba amekaa kwenye kigoda chake anatoa amri. Baba yangu ni mtu wa sauti kubwa na utani, hata msibani. Baba mdogo akamweleza habari ya flashi tangu mwanzo.

"Kwa hiyo hakuna aliyeyasikia ila wewe," baba akasema.

"Mimi tu."

"Na alisemaje?"

Baba mdogo akainama, akachukua punje ya maharage kwenye ungo wetu, akaitazama pande zote kama mnunuzi.

"Aaa," baba akasema polepole. "Alisema aende Kibondo."

Mama akaacha kuchambua.

"Sikiliza, Anania. Mungu mwenyewe ameyafunika. Wewe ni nani uyafunue? Simama mbele yao, sema abaki. Basi. Nani atakupinga? Yule Mswahili wa flashi?"

"Fidele," mama akasema, "maneno ya maiti hayachezewi."

"Nani anacheza? Nampigania mtoto wa ukoo wangu. Mke ameondoka. Na mtoto akiondoka, huyu anabaki na nani? Na gia?"

Baba mdogo akarudisha ile punje kwenye ungo. "Kaka," akasema, "nimeyasikia." Akaaga.

Kuganduka kulifanyika uani kwetu, baada ya mavuno. Wakwe walikuja kutoka Kibondo wakiwa wamevaa vizuri: mama yake Epifania, ambaye miguu ilikuwa imemvimba kwa safari, Esteri, na Kipriani, kaka yao mkubwa, ndiye msemaji wao. Kipriani ni mtu wa maneno. Alipoiona Canter imeegeshwa karibu na jiko alipaza sauti, "Shemeji, umekuja na gari mpaka kwenye chungu! Leo utatuhudumia au utatupakia?" Watu wakacheka, pombe ya ndizi ikagawiwa, walokole wakapewa soda, na kwa muda ilionekana kama sherehe.

Kisha Kipriani akasimama. Akashukuru. Akasema dada yake alikuwa na ulimi, na kwamba mtu mwenye ulimi haondoki bila kusema. "Tuliambiwa msibani kuna sauti. Shemeji, tumekuja kuisikia."

Baba mdogo akawaeleza kwamba sauti ina kasoro. Hakumtaja Khatibu kwa jina, ingawa jina lingejitaja lenyewe. Kipriani akasema, hata ikiwa na kasoro, mama amesafiri, asikie.

Milango ya Canter ikafunguliwa yote miwili. Mama mkwe akapelekewa kiti karibu na ngazi ya gari. Baba mdogo akapanda, akachomeka flashi, akaruka kwaya. Watoto wakakaripiwa.

Epifania akasalimia uwanja mzima.

Mama yake alishika magoti. Sauti ile, hata ilivyobanwa na kukonda, ilikuwa yake, na ile namna yake ya kukohoa kana kwamba anamkatalia mtu jambo. Nilimwona baba mdogo akipeleka vidole kwenye kitufe, kama afanyavyo, halafu akaurudisha mkono mapajani. Aliwaachia wasikie yote.

"Na kuhusu Nadine..."

Ngoma. "Khatibu Sauti Safi! Kasulu mjini, jirani na soko!"

Kijana mmoja nyuma akacheka, akapigwa kofi la kisogo. Na upande wa watoto, Nadine, aliyekuwa akimenya karanga na wenzake, akaitikia kwa sauti yake nyembamba, bila hata kuinua kichwa, "Ukikosa hapa, umekosa kote!" Alikuwa ameishika. Jumamosi zote zile ndani ya gari, siku ambazo baba yake alichelewa kuzima, aliishika pamoja na sauti ya mama yake, kama kitu kimoja.

Bibi yule akageuka kumtafuta aliyezungumza redioni. "Nani huyo mwanamume," akauliza, "anayemkatiza mwanangu?"

Esteri akajifunika uso kwa kanga. Epifania akamaliza habari ya vyakula vya barabarani, akaaga, na kwaya ikafuata mpaka baba mdogo alipoizima.

Kipriani alikuwa na haki ya kukasirika, nami nilidhani atakasirika. Badala yake alisema kwa upole, "Basi, shemeji, tutegemee mdomo wako. Alisema nini kuhusu mtoto? Utakalosema hapa ndilo tutakaloondoka nalo."

Baba yangu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa, cha kusikika mpaka barabarani. Baba mdogo akashuka kwenye gari akasimama mbele ya wakwe zake, mikono imemning'inia. Alitazama upande wa watoto. Nadine alikuwa amehamia kwenye karanga za mwenzake, anamwibia kwa ujanja, anacheka.

Esteri akasema kutoka ndani ya kanga, "Sema tu, shemeji. Lolote. Sitakuwa na kinyongo."

Akasema. Alisema kwa Kirundi, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayepitisha mzigo wa mwenzake dirishani. "Alisema: Na kuhusu Nadine, usimwache kwa majirani. Wewe ni mtu wa barabara. Mpeleke kwa Esteri, akae huko mpaka atakapoweza kujipikia mwenyewe. Ndivyo alivyosema."

Baba yangu akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Esteri alianza kulia kwa namna ambayo ilikuwa vigumu kujua ni huzuni au ni kitu kingine anachokionea aibu. Kipriani akapokea maneno kwa niaba ya ukoo, pombe ikamiminwa chini kidogo, na msiba ukawa umeondolewa. Baba mdogo alipewa kibuyu. Akanywa, akashukuru, akaenda kukaa na watu kama inavyotakiwa. Watu walimwambia sasa yuko huru.

Alimpeleka mwenyewe shule zilipofungwa, kwenye safari ya kufuata mzigo. Aliniomba niwasindikize, ili pawe na mtu mwingine wa kumshika mtoto wakati wa kushuka. Nadine alikaa katikati yetu juu ya gunia lililokunjwa, na kibegi chake, na sufuria yake ndogo ya kuchezea ambayo alikataa kuiacha. Alikuwa na furaha. Alijua anakwenda kwa mama mkubwa, kwenye nyumba yenye sungura, na alikuwa hajajua kwamba hii si kama zile Jumamosi nyingine. Aliuliza redio mbona haiimbi. Baba yake akamwekea kwaya. Akaimba nazo zote, na palipoingia jina la Khatibu aliliimba pia.

Kibondo, kwa Esteri, walikuwa wametuandalia chakula kingi kuliko tulivyoweza kula. Sungura walionyeshwa. Kitanda kilionyeshwa, kimetandikwa shuka jipya. Baba mdogo alikigonga kwa kiganja kuona kama miguu ni imara, akasema ni imara. Tulipoinuka ndipo Nadine alipoinuka na yeye, akachukua sufuria yake.

"Wewe unabaki," Esteri akamwambia, akimshika bega.

Nadine akamtazama baba yake. "Utanifuata kesho?"

"Si kesho."

"Lini?"

"Kukiwa na mzigo wa Kibondo nitakuja kukuona."

"Mimi si mzito," Nadine akasema. "Nikae kwenye gunia langu. Siongei. Redio sigusi."

Baba mdogo alichuchumaa, akafunga kifungo cha gauni lake ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Kisha akapanda gari. Esteri alimshika mtoto, na mtoto hakupiga kelele, alisimama tu na sufuria yake mbele ya tumbo, akitazama magurudumu.

Khatibu siku hizi, kabla hajagusa simu ya mteja, huuliza kwanza, "Humu kuna sauti ya mtu?" Wateja wapya humshangaa. Nadine anasoma Kibondo, ameongezeka urefu, na Esteri humtumia baba mdogo picha zake. Mizigo ya Kibondo ikiwepo, baba mdogo huenda. Isipokuwepo, haendi. Nyumba ya Kasulu ameirudisha kwa mwenyewe, amepanga chumba kimoja.

Jioni ile tulirudi na magunia nyuma, jua likiwa bado juu ya migomba. Redio ilikuwa kimya. Gunia la Nadine lilikuwa bado katikati yetu, limebonyea alipokuwa amekaa, na hakuna kati yetu aliyelisogeza. Mimi si mtu wa kuwauliza wakubwa mambo yao, lakini jambo moja lilikuwa limenikaa kifuani tangu uani kwetu, na tulipokaribia Kasulu nilijua kwamba nisipouliza humo garini sitauliza tena.

"Baba mdogo," nikasema, "kwa nini hukusema abaki? Hakuna ambaye angejua."

Alibadilisha gia, akapisha pikipiki iliyobeba ndizi, akarudi katikati ya barabara.

"Nadine angekua," akasema, "halafu angeniuliza mama yake alisema nini."